Laptopu Yako Inachelewa Wakati Gani? Dalili, Chanzo na Dawa

Mtu akiweka laptopu mezani kwangu na kusema, "Fundi, hii imekuwa nzito," swali langu la kwanza ni moja tu: inakuwa nzito wakati gani? Asubuhi ukiiwasha? Ukishafungua vitu vingi? Baada ya nusu saa ya kazi? Ukichomeka chaja? Au ukiingia mtandaoni tu? Jibu lake huniambia nusu ya ugonjwa kabla sijashika bisibisi, kwa sababu laptopu haizeeki mwili mzima kwa siku moja. Mara nyingi kinachochoka ni kiungo kimoja, na hicho kimoja ndicho kinachowachelewesha wenzake wote.

Nalisema hili kwa uchungu kidogo, maana nimeona pesa nyingi zikipotea hapa Mwanza. Mwanafunzi anayepanga Malimbe anaambiwa aongeze RAM, ile kumbukumbu ya muda ya kazi zilizo wazi, kumbe diski yake ndiyo inayokufa. Mfanyabiashara anauziwa laptopu nyingine, kumbe yake ilihitaji kusafishwa vumbi tu. Kwa hiyo tuanze na kupima, na kupima hakuna gharama.

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Dirisha la Task Manager litafunguka. Nenda kwenye ukurasa wenye michoro inayopanda na kushuka. CPU ndiyo prosesa (ubongo wa laptopu), Memory ndiyo RAM, Disk ndiyo diski. Fanya hivyo wakati laptopu imekuwa nzito kwelikweli, si wakati imetulia. Homa hupimwa ikiwa imepanda. Piga picha ya kioo kwa simu yako, kisha linganisha na dalili zilizo hapa chini.

Inachukua dakika nyingi kuwaka, na hata kufungua folda ni kusubiri

Hii ndiyo dalili ninayokutana nayo kuliko zote. Unabonyeza kitufe, unakwenda kubandika chai, unarudi, bado viduara vinazunguka. Ukifika kwenye picha ya mezani, kishale kinatembea lakini hakuna kinachofunguka. Ukitazama Task Manager, Disk imeganda kwenye asilimia 100, huku chini yake imeandikwa kwamba inasoma megabaiti moja au mbili tu kwa sekunde.

Namba hizo mbili zikikaa pamoja, diski ndiyo mgonjwa. Diski ya zamani ina sahani zinazozunguka na kichwa kinachosoma juu yake, kama sindano ya santuri. Nyingi za laptopu huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kwa sekunde. Lakini kila Windows inapotaka kijifaili fulani, kichwa kinapaswa kusogea hadi mahali pake kisha kingoje sahani ikifikishie sehemu hiyo. Safari moja kama hiyo hula milisekunde 15 hivi au zaidi, hivyo diski haifikishi hata safari mia moja kwa sekunde. Windows ikiwa inawaka huomba vijifaili maelfu, vimetawanyika kila kona. Hapo ndipo chai inapochemka.

SSD, diski ya kisasa inayohifadhi kwenye chipu, haina kinachozunguka wala kinachosogea. Hata ile ya kawaida, inayounganishwa kwa njia ya SATA kama diski ya zamani, husoma karibu megabaiti 500 kwa sekunde, na kwenye vijifaili vilivyotawanyika ndipo inapoiacha ya zamani mbali kabisa. Kati ya matengenezo yote ninayoyafanya, hili ndilo ninaloweza kumwahidi mtu kwamba atalihisi siku hiyohiyo.

Mama mmoja mwenye steshenari Nyegezi alikuja amekata tamaa. Wanafunzi walikuwa wakipanga foleni asubuhi kuchapa kazi zao, na mashine yake ilikuwa bado haijawaka.

"Kijana wangu, niambie ukweli tu. Ninunue nyingine?"

"Hapana, mama. Prosesa yako ni i5, RAM ni gigabaiti nane. Hii diski ndiyo imekuchosha."

"Mbona fundi wa kwanza alisema ni virusi?"

Nikamwonyesha ile asilimia 100 na zile megabaiti mbili. Tukaweka SSD ya gigabaiti 240, nikapiga Windows upya. Ilipowaka mara ya kwanza alikuwa bado anatafuta miwani yake mkobani. Aliponyanyua kichwa akauliza kama nimeizima, kwa sababu ile picha ya mwanzo aliyozoea kuitazama hakuiona ikipita.

Kabla ya kugusa chochote, hamisha kazi zako. Nisikilize vizuri hapa. Miaka yangu ya mwanzo katika kazi hii, kijana mmoja wa mwaka wa tatu aliniletea laptopu iliyokuwa ikigonga kwa ndani, kik, kik, kama mtu anayegonga ukucha mezani. Niliusikia ule mlio nikaupuuza, nikaanza moja kwa moja kupiga Windows kwenye diski ileile. Ilikufa katikati. Utafiti wake ulikuwa humo na nakala nyingine hakuwa nayo. Aliandika upya sura mbili usiku na mchana, na kosa lilikuwa langu. Tangu siku hiyo, diski ikigonga, sifanyi jambo lolote isipokuwa kunakili: kwanza nyaraka na picha, halafu vingine, na siizimi na kuiwasha ovyo.

Diski isiyogonga pia ipime. Kuna programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo. Ikionyesha rangi ya njano na neno Caution, maana yake kuna sehemu za sahani ambazo zimeharibika na diski imeanza kuzikwepa. Inaweza kuishi mwezi, inaweza kuishi mwaka, lakini si mahali pa kuweka kitu unachokipenda.

Sasa, SSD ipi? Laptopu nyingi za kabla ya 2015 au 2016 huchukua ya inchi 2.5, umbo lilelile la diski ya zamani. SSD hizo huwa na unene wa milimita 7. Diski yako ikiwa ilikuwa ya 9.5, weka kile kifremu cha plastiki kinachokuja nayo isichezecheze. Mpya zaidi zina nafasi ya M.2, kile kibao chembamba chenye upana wa milimita 22 na urefu ambao mara nyingi ni 80, ndiyo maana huandikwa 2280. Hapa watu hukosea sana. M.2 ni umbo tu; ndani yake kuna zinazoongea SATA na zinazoongea NVMe, lugha mpya na ya kasi zaidi. Yenye kata mbili kwenye meno kwa kawaida ni SATA, yenye kata moja ni NVMe. Kibao kinaweza kuingia vizuri, kikakaza skrubu vizuri, na laptopu isikione kabisa kwa sababu nafasi hiyo haikutengenezwa kwa lugha hiyo. Kabla ya kununua, tafuta jina kamili la modeli lililoandikwa chini ya laptopu, usome inakubali ipi.

Ukubwa usikuhangaishe. Kwa barua, hesabu, masomo na mtandao, 240 au 256 zinatosha. Anayehifadhi video atafute 480 au 512. Ukiona mtu anauza SSD ya terabaiti nyingi kwa bei ya sahani ya sato, jiulize. Kuna za bandia ambazo ndani yake ni flashi ndogo iliyodanganywa kuonyesha namba kubwa. Ukiijaza kupita uwezo wake halisi, mafaili ya mwisho yanapotea kimyakimya. Programu ya H2testw huijaza yote kisha huisoma tena, na uongo hujitokeza. Ipime kabla ya kuweka kitu humo, ukiwa bado unaweza kuirudisha dukani.

Kuhusu kuhamisha Windows ya zamani nzima kama ilivyo, au kupiga mpya: mimi huchagua kupiga mpya, labda kuwe na programu ya hesabu ambayo mwenyewe hana tena namna ya kuisajili. Windows iliyokaa miaka sita imebeba mizigo mingi, na hakuna sababu ya kuihamishia mizigo hiyo nyumba mpya. Leseni yako haipotei. Laptopu zilizotoka na Windows 8 na kuendelea hutunza ufunguo wake kwenye ubao mkuu, si kwenye diski. Ukipiga toleo lilelile, Home kwa Home au Pro kwa Pro, itajithibitisha yenyewe ikipata intaneti. Asikutoze mtu pesa ya leseni hapo.

Ukimaliza na ikiwaka ikasema haioni kifaa cha kuwakia, usiingiwe na hofu. Kwanza fungua tena uangalie kama kiunganishi cha diski kimeingia hadi mwisho. Mara nyingi ni hapo. Kama kimeingia, ingia BIOS, ile mipangilio ya msingi inayofunguka kabla ya Windows kuwaka, uangalie imewekwa Legacy au UEFI, njia mbili za kuwasha. Windows iliyopigwa kwa njia moja haitawaka kwa njia nyingine.

Diski ya zamani, kama bado ni nzima, inunulie kava la USB uitumie kwa nakala.

Inawaka vizuri, lakini ukifungua kurasa kumi inaanza kukwama

Hapa tazama Memory. Ikikaa juu ya asilimia 85 au 90 kila unapofanya kazi zako za kawaida, RAM imejaa, na Windows imeanza kutumia diski kama chumba cha akiba. Kwenye laptopu yenye RAM ya gigabaiti 4 na diski ya zamani, magonjwa haya mawili hukuzana: RAM inajaa, inasukumia mzigo kwenye diski, diski inazidiwa. Ndiyo maana mwenye SSD huweza kuvumilia RAM ndogo kwa muda, wakati mwenye diski ya kuzunguka hawezi. Kama pesa inatosha kitu kimoja tu mwezi huu, anza na SSD.

Kwa matumizi ya kila siku, gigabaiti 8 ndiyo kiasi ninachokipendekeza leo. Zaidi ya hapo ni kwa anayehariri video au anayechora ramani za majengo.

Ukurasa uleule wa Memory utakuambia sloti ngapi zimetumika. Ukisoma 1 kati ya 2, una nafasi tupu na huna haja ya kutupa uliyonayo. Kisha jua aina. DDR3 na DDR4 haziingiliani, kata yake iko mahali tofauti, na anayelazimisha atavunja sloti. Mtego uko kati ya DDR3 na DDR3L. Kwa macho ni pacha. Lakini ya kwanza hutaka volti 1.5 na ya pili hutosheka na 1.35. Laptopu nyingi za Intel za kizazi cha nne na kuendelea (kizazi husomwa kwenye jina la prosesa, nitaonyesha mbele) zilijengwa kwa hiyo ya L. Ukiziwekea ile nyingine, huenda zisiwake kabisa, na fundi asiyejua atakuambia ubao umeungua. Kwenye lebo ya RAM, herufi L baada ya PC3 ndiyo unayoitafuta.

Kuiweka si kazi kubwa. Zima laptopu kabisa, chomoa chaja, toa betri au chomoa kiunganishi chake, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kumi umalize umeme uliobaki. Gusa chuma kilicho wazi ili umeme wa mwili wako ushuke. Ingiza RAM ikiwa imelala kwa mshazari, isukume hadi meno ya dhahabu yapotee karibu yote, halafu ikandamize chini mpaka vishikizo viwili vya pembeni vilie. Watu wengi huogopa kukandamiza wakaiacha nusu.

Ikiwaka kioo cheusi au ikapiga mlio wa kurudiarudia, toa RAM, futa meno yake taratibu kwa kifutio cha penseli, pangusa kwa kitambaa kikavu, rudisha. Jaribu moja moja, jaribu kubadilishana sloti. Nane kwa kumi ya waliorudi kwangu na malalamiko hayo hutoka hapo wakiwa wamepona kwa kifutio tu.

Ikiwa umeweka 8 lakini Windows inakuambia zinazotumika ni 3 na vipande, una Windows ya biti 32. Haiwezi kutumia zaidi ya 4. Dawa ni kupiga ya biti 64, na RAM yako haina tatizo.

Nusu saa ya kwanza ni nzuri, kisha inachoka na feni inalia

Laptopu inayochoka kwa saa inaumwa joto. Prosesa nyingi za Intel za laptopu zimewekewa ukomo wa karibu nyuzi 100 za Selsiasi. Ikikaribia hapo hujipunguzia kasi ili isiungue. Tazama CPU kwenye Task Manager: laptopu iliyoanza na 2.5 GHz unakuta imeshuka hadi 1 au chini ya hapo huku kazi ikiwa ileile. Programu ya bure ya HWiNFO itakuonyesha joto lenyewe.

Kwetu hapa kuna sababu mbili ambazo vitabu vya mtengenezaji havizitaji. Ya kwanza ni vumbi la njia zetu za milimani, kuanzia Mabatini hadi Igogo, ambako nyumba zimekaa juu ya mawe na upepo unapita chini ya kila mlango. Ya pili ni wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaoinuka juu ya maji kama moshi, hasa mwezi unapoandama. Wanafuata taa. Na usiku, mtu akiwa ameketi kibarazani na laptopu, kioo chake ndicho taa iliyo karibu kuliko zote.

Kaka mmoja anayeuza dagaa kule Mwaloni, Kirumba, alikuwa akiandika hesabu zake usiku, mlango wazi ukitazama ziwani. Laptopu yake ilikuwa ikizimika yenyewe kila baada ya dakika ishirini. Nilifungua kava la chini, nikatoa feni. Nyuma yake, penye mapezi membamba ya shaba ambamo hewa hutokea, palikuwa na kitu kama kipande cha blanketi la kijivu, kimeziba pote. Nilikitoa kwa kibano kikatoka kizima, upana wa vidole viwili. Nilipokiinua kwenye mwanga, kikaonekana kimefumwa kwa vumbi na mabawa: mabawa mamia, madogo, meupe, yameshikana kama uzi. Feni ilikuwa nzima kabisa. Ilikuwa ikipuliza ukuta.

Kusafisha kuna utaratibu wake. Usipulize bloa feni ikiwa huru, maana itazunguka kupita kasi yake na kuharibu beringi. Izuie kwa kijiti cha meno kwanza. Toa lile blanketi kwa mkono au kibano, usilisukume ndani zaidi. Brashi laini ya rangi inatosha kwa mengine. Na ukishafungua bomba la shaba kutoka kwenye prosesa, lazima ubadilishe pesti ya joto, hata kama ile ya zamani inaonekana kuwepo. Ikikauka huwa kama chokaa na haipitishi joto tena. Ifute kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, weka mpya kiasi cha punje moja ya mchele katikati, rudisha bomba, kaza skrubu kwa kupishanisha kona, kwa kufuata namba zilizochongwa kando yake kama zipo. Ukikuta kipande laini kama ufizi kati ya shaba na vijichipu vingine, kiache mahali pake. Pesti haiwezi kujaza pengo lile.

Ukikaa karibu na ziwa, kwenye siku za wadudu fanya kazi ndani na mlango ukiwa umefungwa, au punguza mwanga wa kioo na uache taa nyingine iwashwe mbali nawe iwavute. Na usiiweke laptopu juu ya godoro wala khanga. Matundu ya hewa yako chini.

Inakuwa nzito ukichomeka chaja, au kinyume chake

Dalili hii huwapoteza hata mafundi. Mwalimu mmoja alivuka na boti kutoka Ukerewe akiwa na laptopu ambayo ilikuwa imeshabadilishwa diski na RAM, na bado ilitambaa. Mimi pia niliizunguka karibu saa nzima. Kisha nikachomoa chaja kwa bahati tu, na ghafla ikachangamka. Nikachomeka, ikalala. CPU ilikuwa imekwama kwenye 0.79 GHz.

Chanzo ni hiki. Baadhi ya laptopu, zikiwemo nyingi za Dell na HP, zina kipini chembamba katikati ya jeki ya chaja. Kwa kipini hicho laptopu huuliza chaja: wewe ni ya wati ngapi? Chaja ya bandia haina jibu, au waya wa kipini umekatika kwa kukunjwakunjwa. Laptopu isipopata jibu hujilinda: inaweza kukataa kuchaji betri, na prosesa ikabaki kwenye kasi ya chini kabisa. Mwalimu alikuwa amenunua chaja ya bei rahisi miezi michache nyuma, na uzito ulianza wiki hiyohiyo. Hakuviunganisha vitu hivyo viwili, na nani angeviunganisha?

Kwa hiyo jaribu chaja nyingine unayoiamini kabla ya kununua chochote. Soma lebo: volti mara ampea ndizo wati. Iliyoandikwa 19.5V na 3.34A ni ya wati 65. Kama laptopu yako ilikuja na 65 na sasa unatumia ya 45, umeinyima chakula.

Ikiwa uzito unakuja bila chaja, basi mara nyingi ni mpangilio wa kuokoa umeme. Ubadilishe kwenye alama ya betri. Hali ya betri yenyewe utaijua hivi: fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport, itakutengenezea ripoti. Linganisha uwezo iliyotengenezwa nao na uwezo inaojaza sasa. Iliyotoka na 48,000 ikajaza 20,000 imebaki chini ya nusu.

Na ukiona padi ya kipanya imeinuka, au kava la chini halikai tena sawa mezani, betri imevimba. Zima, chomoa chaja, usiibonyeze, usiitoboe, usiendelee kuitumia "mpaka mwisho wa mwezi". Itolewe siku hiyo.

Ni nzito mtandaoni tu

Fungua waraka uliomo ndani ya laptopu, uandike ukurasa mzima. Ukienda vizuri, laptopu ni nzima na tatizo ni mtandao au kivinjari. Ukitumia intaneti ya simu, ingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi uitangaze kuwa ya kulipia kwa kipimo, ili Windows isile bando lako kupakua masasisho kimyakimya. Ondoa viongezo vya kivinjari usivyovikumbuka. Basi.

Je, Windows 11 itaingia?

Watu wananiuliza kila siku, kwa sababu msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Haimaanishi laptopu itazimika. Inamaanisha mapengo mapya ya usalama hayazibwi tena kwa utaratibu wa kawaida. Windows 11 inadai RAM ya 4, nafasi ya gigabaiti 64, kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu isipokuwa chache sana. Kizazi unakisoma kwenye jina: i5-8250U ni cha nane, i5-4300U ni cha nne, i5-10210U ni cha kumi.

Zipo njia za kuilazimisha iingie kwenye za zamani. Kwa laptopu inayoendesha biashara ya mtu sizitumii, kwa sababu sasisho lolote linaweza kukataa, na atakayebaki amekwama ni yeye. Kwa laptopu ya kizazi cha nne yenye SSD na RAM ya 8, nimewawekea watu kadhaa Linux Mint, na kwa kuandika, kuchapa na kuingia mtandaoni wanaendelea nayo vizuri. Jaribu kwanza kwa kuiwasha kutoka kwenye flashi bila kuipiga, uone kama printa yako inatambulika. Steshenari isiyotambua printa haina kazi.

Zile ambazo siongezi kitu

Kuna laptopu ndogo nyembamba zenye prosesa ya Celeron au Atom, RAM ya 2 au 4 iliyochomelewa kwenye ubao, na hifadhi ya eMMC ya gigabaiti 32 au 64 iliyochomelewa vilevile. Hakuna cha kuchomoa wala cha kuchomeka. Windows peke yake inakula sehemu kubwa ya hifadhi hiyo. Mwenye nayo huwa namwambia palepale aitunze pesa yake anunue iliyotumika ya ofisini, ya kizazi cha nane, yenye sloti za RAM zinazofunguka. Ukiwa dukani kununua hiyo iliyotumika, izime na kuiwasha ukiingia BIOS mbele ya muuzaji. Ikidai nywila asiyoijua, iache mezani kwake.

Ukimpelekea fundi

Wengi wanaogopa kubadilishiwa vifaa, na hofu hiyo ina msingi. Kabla hujaiacha, fungua Task Manager upige picha ukurasa wa Memory na wa Disk, uonekane ukubwa wa RAM, kasi yake, sloti, na jina la diski. Kuweka SSD na RAM ni kazi ya dakika ishirini mpaka thelathini kwa laptopu nyingi, kwa hiyo omba kukaa. Fundi akikuwekea stuli, kaa. Ukiondoka ondoka na diski yako ya zamani mkononi, hata kama ni mbovu, kwa sababu humo ndimo zilimo picha zako na nywila zako, na iliyokufa kwako mwingine anaweza kuifufua.

Kabla ya kutoka, iwashe, fungua zile kurasa kumi unazozifungua kila siku, chomeka chaja yako mwenyewe, na uipe nusu saa pale pale mezani kwake.